Kijana, Kinga na Neno: Uhakiki wa Filamu Makala

Msomaji wa Dar es Salaam akikutana na jina Makala atadhani kwamba filamu hii inahusu maandishi ya gazetini. Kwetu Kampemba hakuna anayekosea: makala ni yale makaa yanayoingia mjini alfajiri juu ya kinga, yaani baiskeli, magunia yakiwa yamempita msukumaji kwa kimo. Filamu hiyo ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata Tuzo Kuu ya Juma la Wahakiki huko Cannes mwaka 2017, inazungumzwa kwa Kiswahili cha Katanga. Kwa hiyo inatuhusu sisi tunaofundisha lugha hii, na yafaa tuulize: je, kijana wetu amesawiriwa namna gani ndani yake?

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Kabwita, kijana wa miaka 28 wa kijiji cha Walemba, anakata mti mkubwa, anauchoma katika tanuri la udongo, kisha anasukuma makala yake kiasi cha kilomita 50 hadi Kolwezi. Shabaha yake ni kuijengea jamaa yake nyumba. Njiani anatozwa sehemu ya mzigo; lori linaiangusha baiskeli yake; mjini wanunuzi wanambana bei.

Sifa ya kwanza ya filamu hii ni kwamba haikumkopa kijana wake kutoka katika mifano iliyozoeleka. Katika Rebelle (2012) ya Kim Nguyen tunakutana na msichana askari. Katika Kinshasa Kids (2012) ya Marc-Henri Wajnberg, na watoto wa mitaani wanaoitwa wachawi. Hata Augure (2023) ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, inarudia suala la uchawi, ingawa nia yake ni kuwahoji wale wanaowabandika wengine jina hilo. Kabwita si askari, si mchawi wala mhuni. Ni mume, ni baba, ni mtu wa kupiga hesabu.

Hata hivyo, tukichunguza zamu za kusema, tunagundua upungufu. Kabwita anasema anapopanga nyumba pamoja na mkewe Lydie, na anaposhindana na wanunuzi. Katika sehemu hizo ana akili, ana haya, ana ujanja, tunamjua. Lakini njiani, ambako filamu inakaa muda mrefu, maneno yanapungua na muziki wa selo wa Gaspar Claus unashika nafasi yake. Kamera inafuata mgongo, magurudumu na vumbi. Mtazamaji wa mbali huenda akaona hapo mateso ya binadamu wote. Sisi tunamwona jirani ambaye hakuulizwa neno.

Nilipoitazama filamu hii pamoja na vijana wa mtaani kwangu, Bel-Air, mmoja wao aliuliza: “Sasa ye anawazaka nini?” Kiambishi -aka kinaonyesha mazoea: hakuuliza Kabwita anawaza nini dakika ile, bali huwaza nini siku zote. Sijapata kusikia hoja ya uhakiki iliyo fupi kuliko hiyo. Mtu aweza kunijibu kwamba anayesukuma mzigo hana pumzi ya kuzungumza. Ni kweli. Lakini msukumaji hupumzika pia, na uamuzi wa kuujaza ukimya wake kwa selo ni wa mwongozaji, si wa barabara.

Tulinganishe na kikundi cha Mufwankolo, ambacho michezo yake ilizoeleka katika televisheni ya Lubumbashi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alieleza jinsi kikundi hicho kilivyotayarisha mchezo mwaka 1986 bila maandishi: waigizaji walikubaliana juu ya mtiririko wa kisa, kisha kila mmoja akayatafuta maneno yake mwenyewe. Katika uigizaji wa namna hiyo kijana aweza kukosa adabu na kushindwa, na fundisho la mwisho likawa la wazee. Huo ni upungufu wake. Lakini kabla ya fundisho, kijana huwa amejibu.

Kwa maoni yangu, basi, haitoshi kupima usawiri wa vijana kwa kuuliza kama wameonyeshwa wema au wabaya. Tuhesabu pia ni nani anayesema, anasema lini, na ni nani anayesemewa.

Kipimo hicho kinatugusa sisi walimu kwanza. Kiswahili anachokitumia Kabwita kutetea bei yake ndicho tunachokipigia mstari mwekundu katika karatasi za wanafunzi wetu. Kina sarufi yake kamili, na kinatosha kupigania jasho la siku nyingi. Ikiwa masikio yetu yanasikia makosa tu ndani yake, hatuna haki ya kumlaumu Gras kwa kuchagua selo.