Nimeigusa Renji, Tena Hapa Hapa Sola!

Jamani, jamani, jamani! Hiyo pamba haikimbii, iache kidogo, njoo ukae hapa nikusimulie. Nimetoka kuigusa Range Rover sasa hivi, kwa mkono wangu huu, hapa hapa Sola, na mwili bado unanisisimka! Si kuiona ikipita kwenye lami ya Maswa kwenda Bariadi, fyuu, imeshapotelea zake Lamadi. Nimeigusa! Nimeikalia! Nimefungua mlango, nikaufunga, nikaufungua tena, maana mlango ule ukijifunga unatoa mlio mmoja mzito, mnene, laini, wa kushiba kabisa, na ukishausikia mara moja unataka tena, ukisikia tena unataka tena, na bado!

Mwenyewe ni kijana wa hapa hapa kwetu ambaye shughuli zake ziko Mwanza, kaja kwenye arusi ya mdogo wake. Kaiegesha uwanjani kwa babu yake, chini ya mwembe, ubavu kwa ubavu na Landrova ya mzee. Unaijua ile? Ya turubai, kuukuu, kijani kilichopauka, tairi la akiba limelala juu ya boneti. Watu tumejaa tele, watoto wanajitazama sura kwenye ile rangi nyeusi inayong'aa, kina mama wanazunguka, wanarudi, wanazunguka tena. Nikamwinamia mzee, "Mwangaluka, baba." Akaitika, akaniona ninavyoshindwa kutulia, akasema, "Gusa tu, mwanangu, haing'ati." Basi!

Nianze na harufu. Ngozi! Sisi Wasukuma ngozi tunaijua, tumekua katikati ya ng'ombe, lakini hii, ndugu yangu, hii ni ngozi nyingine kabisa: nyororo, tulivu, ina ubaridi kidogo unapoigusa mwanzo, halafu inalipokea joto la kiganja chako taratibu, taratibu, mpaka unajiona umekaribishwa. Nilipitisha vidole kwenye mishono yake, mstari kwa mstari, sikuona uzi hata mmoja uliolegea. Ukikaa, kiti kinakushika mgongo, kiuno, mapaja, kila mahali panapochoka mtu akitoka shamba. Halafu mlango ukafungwa. Nje ngoma inapigwa, vigelegele, bodaboda zinapita na honi zao, na sisi mle ndani tunaongea kwa sauti za chini kama tuko sebuleni! Naona midomo ya watu inacheza nje ya kioo, sisikii neno. Raha isiyo na jina!

Na bado! Kijana akabonyeza kitufe kimoja, gari likashuka. Likashuka lenyewe, pole pole, kwa adabu, mpaka mama mmoja aliyejifunga kitenge cha kubana akaingia bila hata kupandisha pindo. Watu wakapiga kelele ya furaha. Kikabonyezwa tena, likapanda. Watoto wakataka lishuke tena. Lilishuka na kupanda mpaka babu akasema basi, liacheni lipumzike.

Halafu nenda nyuma. Mlango wa nyuma umegawanyika vipande viwili, cha juu kinapaa, cha chini kinalala chali, unakaa juu yake miguu inaning'inia, unakula wali wako wa arusi huku unatazama ng'ombe wakirudi. Nimekaa pale! Nikageuka kuitazama Landrova ya mzee, nikaona nayo mlango wake wa nyuma unalala vilevile, na vijana wawili wamekaa pale na sahani zao kama mimi. Hapo ndipo kichwa kiliponizunguka. Hizi gari mbili ni ndugu wa damu!

Kaa vizuri sasa, maana historia yake ndiyo iliyonimaliza kabisa. Unajua kampuni ya Rover ilianza na nini? Baiskeli! Ndiyo, baiskeli! Mwaka 1885, mjini Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli aliyoiita Rover. Kabla yake watu walikuwa wanapanda madude yenye gurudumu la mbele kubwa mno, refu la kutisha, ukianguka umeumia. Starley akaleta magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, mtu anakaa chini, salama, anapiga pedali. Sasa tazama baiskeli iliyoegemea ukuta wako hapo. Ile ile inayobeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, mama na mtoto mgongoni. Umbo ni lile lile! Kumbe Sola nzima tumekuwa tukipanda urithi wa Rover kila siku, asubuhi na jioni, na hakuna aliyetuambia!

Magari yakaanza kutengenezwa na Rover mwaka 1904, mazuri, ya heshima, ya watu wa mjini, sitakuchosha nayo. Ruka mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Mhandisi mkuu wa Rover, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, kule Wales, na shambani alitumia Jeep chakavu ya Kimarekani iliyobaki vitani. Akawaza: hii ikifa, nitanunua nini? Mwaka 1947, ufukweni Red Wharf Bay, akachora gari mchangani, mbele ya kaka yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni. Mchangani! Na tarehe 30 Aprili 1948, kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, dunia ikaiona Land Rover kwa mara ya kwanza.

Sasa njoo tuipapase hii ya mzee, weka mkono hapa, kwenye bodi. Imebonyea, imekwaruzika, ina historia ya kila kisiki cha wilaya hii, lakini bodi kutu hakuna! Unajua kwa nini? Baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, kupata ni shida tupu, wakatumia aina ya alumini badala yake. Shida ile ndiyo iliyoipa bodi uhai mrefu namna hii! Na ule ukijani wa Landrova za mwanzo? Rangi iliyobaki ya ndege za kivita! Nilipoambiwa nilirudi kuishika tena, upya, kwa heshima nyingine kabisa. Na ilikuwa ya mkulima hasa, kwa sababu walitengeneza mahali pa kuunganishia mashine: injini ya gari inaendesha msumeno, inaendesha pampu, inapukuchua nafaka. Shamba zima ndani ya gari moja!

Ndiyo maana ilifika huku kwetu na ikakaa. Bwana shamba alikuja nayo, mganga alikuja nayo, padri alikuja nayo, mkuu wa wilaya alikuja nayo. Mwalimu Nyerere na wenzake wa TANU walisafiri kwa Landrova wakieneza habari ya uhuru. Kule Serengeti, upande huu wa mashariki yetu, ndiyo iliyowapeleka watu kuwaona simba kabla lami haijawaza kufika popote. Kenya waliziunganisha kiwandani Thika, na mji wa Maralal, kule Samburu, mpaka leo unatembea kwa Landrova kuukuu. Gari la kuheshimiwa, gari la kuaminiwa, gari gumu, gumu mno, gumu ile mbaya!

Sasa ndipo likaja jambo lenyewe. Juni 1970, Range Rover. Wahandisi Spen King na Gordon Bashford walitaka kitu kimoja tu: gari linalopita pote inapopita Landrova, lakini mtu akishuka asishike kiuno. Walipokuwa wanalijaribu barabarani walilibandika jina la uongo, Velar, ili watu wasijue ni la nani. Siri tamu! Na lile la kwanza, rafiki yangu, halikuwa na ngozi hata kidogo. Viti vya plastiki, sakafu unayoiosha kwa mpira wa maji. Unatoka porini na matope mpaka magotini, unafungua milango, unamwaga maji ndani, kwisha! Gari la namna hiyo, la kuoshwa kama ua wa nyumba, mwaka 1971 likapelekwa Paris, likaonyeshwa Louvre, katika lile jumba la makumbusho lenye Mona Lisa. Louvre!

Na bado! Wanajeshi wa Uingereza wakachukua Range Rover mbili kwenda nazo kutoka Alaska mpaka ncha ya kusini ya Amerika, mwaka 1971 na 1972. Katikati kuna Darién, msitu mnene wa Panama na Kolombia usio na barabara, vinamasi tupu, na kuuvuka tu kulichukua takribani miezi mitatu. Zikatoka upande wa pili. Mwaka 1979 Range Rover ikashinda mashindano ya Paris–Dakar, Sahara yote ile, na mwaka 1981 ikashinda tena. Ni mwaka huo huo wa 1981 ndipo ilipopata milango minne, na ndipo toleo moja maalumu lilipopambwa kwa jina la Vogue, kutokana na lile jarida la mitindo lililoitumia kwenye picha zake. Vogue! Neno lile linalotajwa vijiweni kwa mshangao mpaka leo, ndipo lilipotokea. Ngozi, mbao, mazulia, vyote viliongezeka baadaye, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, juu ya gari lililokwisha kujua matope.

Wamiliki wamebadilika: Leyland, baadaye BMW mwaka 1994, kisha Ford mwaka 2000, na tangu 2008 ni Tata wa India, wale wale wa malori unayoyajua. Hayo waachie wenye hesabu. Mimi nakwambia nilichokiona.

Maana jioni kijana alisema twende. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mweusi unaujua, ukilowa unang'ang'ania, unavuta, unateleza, unameza. Bodaboda zilikuwa zimekwama, Noah moja imelala ubavu kwenye mtaro. Tukaingia. Nilishika mpini wa juu kwa mikono miwili, nimefumba macho, nasubiri kutikiswa. Sikutikiswa! Nikafumbua jicho moja. Matope yanaruka pembeni, meusi, mazito, yanapiga vioo, na mle ndani tumekaa, tumetulia, tunaelea, kiti hakijanisukuma hata mara moja. Kijana hakuongeza kelele ya injini, hakupigana na usukani, gari lenyewe linatafuta pa kukanyaga, gurudumu hili likiteleza lile linashika. Ukiwa pale juu unaziona kona zote mbili za boneti, unajua hasa gari lako linaishia wapi. Nilipiga kelele! Nilicheka mpaka machozi!

Halafu nikasikia mngurumo nyuma yetu. Babu! Babu kawasha Landrova yake, kavaa kofia, katuandama! Inatikisika, inayumba, moshi unafuka, na inapita! Inapita pale pale tulipopita sisi, haijali, haiombi msaada, watoto wanakimbia pembeni wanashangilia. Kurudi niliomba nipande na mzee. Meno yaligongana, upepo ulinipiga usoni, harufu ya petroli na turubai lililolowa ilinijaa puani, kila shimo nililihisi mpaka kwenye mfupa, na niliipenda mno, niliipenda kweli kweli, kwa sababu nilikuwa najua sasa. Raha yote ile ya kule mbele ilianzia kwenye gari hili hili la kulimia. Sijawahi kukalia gari zuri kama ile Renji, na nasema uzuri wake haumo kwenye ngozi. Umo kwenye matope ya Sola, pale wengine walipokwama sisi tukapita tukicheka.

Ukipata nafasi, nenda Arusha siku wenye Land Rover wakikusanyika tena. Oktoba 2024 walizileta Land Rover mamia kwa mamia, foleni isiyoisha, wakiiwinda rekodi ya Wajerumani waliokuwa wamekusanya 632 mwaka 2018. Lakini usisubiri Arusha! Kijana anarudi Mwanza Jumatatu asubuhi, mzee amesema hamfukuzi mtu, na nimekuombea kiti cha nyuma kushoto, kile kinachojilaza. Njoo kesho, na uje na viatu vya matope.