Msimsifu Kabiru kwa Takataka

Wenzangu wa kalamu, shuleni kwetu aliyevaa miwani aliitwa "macho nne". Mwalimu wa Kiswahili alisahihisha, "macho manne", lakini tusi lilibaki vile vile. Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alilichukua tusi hilo akalifanya jina la baadhi ya kazi zake. Nilipoliona nilicheka peke yangu ndani ya matatu.

Kazi zenyewe ni miwani, ila si ya daktari wa macho. Kabiru huokota waya, vifuniko vya soda, vijiko na vipande vya mashine mbovu, akavipinda na kuviunga mpaka itoke fremu inayofunika nusu ya uso. Kisha huivaa mwenyewe akapigwa picha. Mfululizo huo aliuita C-Stunners.

Chanzo amekisimulia mara nyingi. Kwao walitazamana na jaa la taka la Nairobi. Alipokuwa mtoto alitamani miwani, lakini baba yake hakutaka hata kuisikia, kwa sababu utotoni aliwahi kuchapwa kwa ajili ya miwani. Akamwambia mwanawe: ukiitaka, jitengenezee. Basi akajitengenezea.

Hadithi tamu, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Wanaoandika habari zake huishia jaani. Ati amesafisha mazingira, ati kijana wa mtaani amegeuza taka kuwa pesa. Huo si uhakiki, hiyo ni ripoti ya kanjo! Waokota vifuniko ni wengi. Swali ni hili: yeye amevipanga vipi?

Tazameni picha zake. Kwenye nyingine, mahali pa kioo pamezibwa na waya au chuma kilichotobolewa. Macho yake huyaoni sawasawa, lakini unahisi yeye anakuona. Wewe uliyekuja kutazama unajikuta unatazamwa. Nadhani kiini cha kazi hii ni kutazamana, na taka ni mkaa tu wa kupikia.

Mwezi Septemba 2017 makumbusho ya Zeitz MOCAA yalifunguliwa Cape Town, ndani ya maghala ya zamani ya nafaka, na kazi za Kabiru zilikuwa katika maonyesho ya ufunguzi. Sikwenda, nauli ningeitoa wapi? Nilizozisoma ni picha, pamoja na kitabu cha maonyesho ya Making Africa, yaliyoanza Ujerumani mwaka 2015, nilichoazimwa na rafiki. Hata hivyo sijioni nimepunjwa sana. Miwani hii ikitundikwa ukutani pekee, inabaki pambo, kama kinyago kisicho na mchezaji. Uso ndio unaoikamilisha. Ndiyo maana nasema picha ni kazi yenyewe, na kila ukumbi unaoonyesha fremu tupu unatupa nusu ya sentensi.

Si kwamba zote zinanikuna. Zipo zilizojaa urembo, ukishashangaa umemaliza. Mimi nazipenda zaidi kazi zake za baiskeli, zile nzito tunazoziita Black Mamba, ambazo zilibeba maziwa na magunia ya viazi kabla pikipiki za bodaboda hazijazisukuma kando. Humo mna msiba. Chuma kinakumbuka kazi yake.

Kwa nini nang'ang'ania jambo hili? Tangu nimalize kidato cha nne naandika riwaya ya mtaa wetu. Mhariri mmoja alinirudishia sura ya kwanza akanishauri niongeze njaa na mitaro, wasomaji wa nje watapenda. Hakugusa hata sentensi moja. Yaani alilitaka jaa, miwani hakuiona.

Mitaro ipo kwetu, siikatai. Lakini anayenisoma aniulize nimeipanga vipi. Akiona nimeipanga vibaya, aniambie hivyo hivyo, nitashukuru.