Kisu cha Babu: Kitumike au Kihifadhiwe?

Miongoni mwa maswali yanayoikabili jamii yoyote inayojali utamaduni wake, liko moja ambalo hujadiliwa sana na wataalamu, lakini ambalo kwa hakika huanzia nyumbani: kitu tulichorithi tukitumie, au tukihifadhi? Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa mfano wa kitu kidogo kabisa, yaani kisu cha kukunja cha mfukoni.

Kisu chenyewe kimo katika ukoo wetu. Babu alikuwa mvuvi. Kwa kisu hicho alikata kamba za usumba, alitengeneza nyavu, na aliwamenyea wajukuu maembe. Mpini wake ni wa pembe, nao umelainika kwa jasho la kiganja. Ubapa umenolewa miaka mingi hata umekuwa mwembamba kama jani la mchaichai. Babu alipofariki, ndugu yetu mkubwa alitaka kisu kifungiwe katika kabati la kioo, asikiguse mtu. Shangazi akapinga, akasema kisu kisichokata ni chuma tu. Maneno yakawa mengi, na kwa muda wawili hao hawakusemezana vizuri.

Kabla ya kuamua kati yao, hatuna budi kulijibu swali jingine. Wapo watakaouliza kisu hiki kinahusianaje na utamaduni wetu, ilhali kilitengenezwa Sheffield, Uingereza. Jibu letu ni kwamba mahali kilipotengenezwa ni nusu tu ya historia yake. Kanga nazo kwa miaka mingi zilipigwa chapa Ulaya, Bara Hindi na Japani, wala hakuna aliyethubutu kusema si zetu. Tulizifanya zetu kwa majina tuliyozitia na kwa namna tulivyozivaa. Kadhalika, kisu cha babu kilifanywa chetu na kazi.

Sasa tuipime hoja ya ndugu yetu. Ni kweli kwamba kila mara kisu kinapopitishwa kwenye noo, chembe za chuma huondoka, nazo hazirudi. Anayenoa anapunguza. Lakini ndugu yetu alisahau kwamba ule wembamba wa ubapa na ule ulaini wa mpini, ambavyo ndivyo alivyotaka vihifadhiwe, ni alama za matumizi. Kama babu naye angalikifungia kabatini, tungalirithi bidhaa ya dukani. Isitoshe, kufungia si kuhifadhi. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi; chuma kilichosahauliwa bila mafuta hushika kutu, na kisu cha kukunja hukwama hata kisifunguke.

Shangazi naye ana upande wa haki. Wahenga walisema kinolewacho hupata. Hata hivyo, kisu hiki hakina pacha. Visu vingine vya Sheffield vipo, lakini mkono uliokichakaza hiki haupo tena. Kukifungulia makopo na kukichokolea misumari si kukitumia, bali ni kukidharau.

Kosa la wote wawili, kwa maoni yetu, ni kudhani kwamba urithi umo ndani ya chuma peke yake. Kosa hilo si la nyumba moja. Mara nyingi tumeona zana za wazee zikiwekwa nyuma ya kioo, na kando yake kibandiko chenye jina la chombo na jina la kabila, basi. Namna ya kukishika, namna ya kukinoa, na kazi iliyokingojea havielezwi. Mtazamaji huondoka amekiona chombo, asijue kitu.

Tunayo mifano iliyo bora zaidi. Katika miaka ya 1970 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walikwenda kwa wazee wa Kihaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambako ufuaji wa chuma kutokana na mawe ulikuwa umeachwa zamani kwa sababu ya chuma cha kununua. Wazee waliokumbuka kazi ya ujana wao walijenga tanuri, wakavukuta, na chuma kikapatikana. Mwaka 1978 watafiti hao walitangaza kwamba katika eneo hilo chuma cha pua kilitengenezwa kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Makaa na vigae vilivyofukuliwa ardhini vilitoa ushahidi, lakini maarifa ya kazi yenyewe yalikuwa vichwani na mikononi mwa wazee. Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, nacho kinafundisha jambo hilo hilo: nyumba ya udongo na nyasi haihifadhiwi kwa kuachwa, bali kwa kukandikwa na kuezekwa upya na watu wanaojua.

Kwa hiyo uamuzi wetu ni huu. Kisu cha babu kitumike, lakini kwa kazi iliyokistahili: kamba, uzi wa nyavu, na tunda. Kazi za shokoa zitafutiwe kisu kingine. Kisipigwe msasa ili king'ae, maana weusi ule ni umri wake. Kifutwe na kupakwa mafuta kila baada ya kazi, na atakayefanya hivyo awe kijana, akisimamiwa na mtu mzima aliyemwona babu akifanya. Aliyoyajua babu kuhusu kisu hicho yaandikwe wakati shangazi yu hai. Na siku ubapa utakapokuwa haushiki tena makali, hapo ndipo kiwekwe kabatini, pamoja na maandishi hayo.

Taifa litendalo kinyume cha hayo litajaza makabati na kuitupu mikono. Chuma tukikipoteza twaweza kununua kingine. Lakini ujuzi wa mkono ukizikwa na mwenyewe, hakuna duka linalouuza.