Pembe za Heinel: Mutu wa Kiburi katika Hadisi ya Voltes V

Watu wengi wanazarau sinema za kuchorwa ambazo Wajapani wanaziita anime, zaidi zile za majitu ya chuma. Wanasema: Ni michezo ya watoto, chuma kinapiga chuma, moto unawaka, adui anacheka kwa kiburi, kisha anashindwa, basi imekwisha. Kwa hadisi nyingi maneno hayo ni ya kweli. Lakini vijana wanaziangalia, katika televizio na hata katika simu, na mwalimu anayehukumu kitu asichokijua hatasikilizwa. Heri tuchague hadisi moja, tuitazame toka mwanzo mpaka mwisho, kusudi tuseme kwa haki: hapa ni pazuri, hapa pana upungufu.

Hadisi tuliyoichagua inaitwa Voltes V. Ile herufi V ni hesabu ya Kiroma, maana yake tano: vijana watano wanaendesha mashini tano, na mashini hizo zinaungana kuwa jitu moja lenye upanga. Ilionyeshwa katika Japani tangu mwezi wa 6 mwaka wa 1977 mpaka mwezi wa 3 mwaka wa 1978, vipande 40 kwa jumla. Mukubwa wa kazi hiyo alikuwa Nagahama Tadao, aliyekufa mwaka wa 1980. Juu ya jitu la chuma hatutasema mengi. Tutasema juu ya adui, Heinel, kwa sababu ndani yake tunakuta swali zito la hadisi hiyo: kiburi kinatoka wapi, na ni kitu gani kinachoweza kukivunja?

1. Hadisi yenyewe

Kuna dunia ya mbali inayoitwa Boazan. Huko watu wamegawanyika kwa sheria moja tu. Anayezaliwa na pembe kichwani ni mutu wa cheo. Anayezaliwa bila pembe ni mutumwa. Hawaulizi akili yake, wala kazi yake, wala moyo wake. Wanatazama kichwa chake tu.

Katika jamaa ya kifalme alizaliwa mutoto bila pembe, jina lake La Gour. Kusudi fezeha ifunikwe, alivaa pembe za uongo. Akakua, akawa mutu wa elimu kubwa, tena alikuwa na haki ya kuriti kiti cha ufalme. Mushindani wake Zambojil akafunua siri hiyo, akatwaa ufalme, na La Gour akatupwa kati ya watumwa. Muke wake akafa katika kuzaa mutoto mwanamume. Mutoto huyo alikuwa na pembe. Ndiye Heinel.

La Gour aliwaongoza watumwa kuasi, wakashindwa, naye akakimbilia dunia yetu. Katika Japani alipata jina jipya, Go Kentaro, akaoa mwanamuke mwenye elimu, akazaa naye watoto watatu: Kenichi, Daijiro na Hiyoshi. Jeshi la Boazan liliposhuka kushambulia dunia, watoto hao watatu pamoja na wenzao wawili ndio walioendesha Voltes V. Na mukubwa wa jeshi lile alikuwa Heinel. Ndugu wakapigana na ndugu, wala hawakujuana.

2. Kiburi cha namna gani?

Katika hadisi nyingi kiburi cha adui ni sawa na nguo yake: amevalishwa tu, kusudi watoto wamutambue upesi. Kwa Heinel si hivyo. Tukimutazama vizuri tunaona mambo matatu.

La kwanza: kiburi chake kimejengwa juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe hakukifanya. Pembe hakuzitafuta, hakuzitolea jasho, alizaliwa nazo. Lakini anazibeba sawa na mutu aliyezishinda katika vita, na wanadamu anawaona wanyama kwa sababu hawana kitu kichwani. Mutakatifu Paulo aliwakemea Wakorinto juu ya jambo hilo hilo: yule aliyepokea anajisifu sawa na kwamba hakupokea.

La pili: chini ya kiburi kuna haya. Heinel anajulikana kwa jina la mwana wa musaliti. Wakubwa wenzake wanamunong'onea nyuma ya mugongo. Basi kila vita anayopiga ni vita ya kuosha jina lake. Kila mara Voltes V inapovunja mashini zake, haumii tu kwa sababu jeshi limeshindwa. Anasikia tena yale masengenyo, na kwa hiyo anazidi kuinua kichwa. Hapa watunga hadisi wamefahamu neno ambalo padri anayeungamisha watu analijua vizuri: mara nyingi mwenye kujivuna si mutu aliyeshiba, ni mutu mwenye njaa. Mutakatifu Toma wa Akwino anafundisha kwamba kiburi ni tamaa ya ukubwa isiyo na kipimo. Na mutu hatamani kitu ambacho moyo wake umekwisha kukipata.

La tatu: Heinel anatumikia uongo akifikiri anatumikia heshima. Si mwoga. Anapenda kupigana uso kwa uso, na anashika neno lake kwa namna yake. Lakini mufalme anayemutumikia hamupendi. Anaona ndani yake mushindani wa kiti chake. Na sheria ya pembe, ambayo Heinel anaitolea nguvu zake zote, ndiyo iliyomunyima baba na mama. Tunamuhurumia na kumuogopa pamoja: mutu hodari anayelinda kwa upanga kitu kilichovunja nyumba yake mwenyewe.

Tuseme tena kwamba Heinel ana ndugu zake katika kazi ya Nagahama. Mbele ya Voltes V alitengeneza hadisi ya Combattler V (1976–1977), na nyuma yake ile ya Daimos (1978–1979). Katika ya kwanza adui mwenye kiburi ni Garuda, katika ya mwisho ni Richter, na mutu mumoja, Ichikawa Osamu, ndiye aliyetoa sauti yake kwa wote watatu. Garuda anavumbua kwamba hakuzaliwa na mutu; alitengenezwa sawa na chombo. Richter anavumbua kwamba baba yake aliuawa na mutu wa kwao, si na wale aliowachukia. Basi katika hadisi zote tatu upanga wa jitu la chuma unavunja vyombo na majeshi, lakini kiburi hauwezi kukivunja. Kinavunjika siku ile mutu anapoambiwa ukweli juu ya mwanzo wake. Tunaona kwamba hilo ndilo fundisho bora la hadisi hizo, na si fundisho dogo.

3. Mwisho, na upungufu wake

Sasa tufike mwisho. Vita inahamia Boazan yenyewe. Watumwa wanaasi mara ya pili, na mara hii wanashinda. Watu wa cheo, waliojisifu kila siku kwa pembe zao, wanatafuta njia ya kukimbia, na mufalme wao anafikiri juu ya kujiokoa yeye tu. Heinel peke yake anabaki kupigana. Katika nyumba ya kifalme inayowaka moto, anapigana kwa upanga na Kenichi. Hapo kinaonekana kitu kidogo chenye sura ya njiwa, ukumbusho wa baba yake. Muzee La Gour anakitambua, na Heinel anaambiwa: Huyu unayetaka kumuua ni ndugu yako. Baba uliyemuonea haya ndiye huyu. Nyuma ya hapo Heinel anakufa katika moto ule.

Sehemu hiyo inagusa moyo, wala hatukatai. Wengi walioiona wakiwa watoto wanaikumbuka hata leo. Lakini kazi yetu ni kupima, na hapa mizani inaonyesha upungufu.

Tuulize swali hili: Heinel ametubu, ao amepata tu jamaa bora? Amelegeza upanga kwa sababu Kenichi ni mwana wa baba yake. Na kama Kenichi asingekuwa mwana wa baba yake? Kama angekuwa kijana wa Japani tu, asiye na damu ya Boazan hata kidogo? Hadisi haijibu. Kwa muda wa vipande karibu 40 imetufundisha kwamba damu na pembe si kitu, kisha mwishoni inamuokoa mwenye kiburi kwa njia ya damu. Tena yule anayeongoza watumwa ni mwenye haki ya ufalme, na wanaowakomboa ni wana wake. Sheria ya pembe imevunjwa. Sheria ya ukoo imebaki imesimama.

Tulinganishe na barua fupi ya Mutakatifu Paulo kwa Filemoni. Onesimo ni mutumwa aliyetoroka. Paulo anamurudisha kwa bwana wake, na anaomba apokelewe sawa na ndugu mupendwa. Filemoni na Onesimo hawana baba mumoja wa mwili. Hakuna njiwa wa ukumbusho, hakuna siri ya kuzaliwa itakayofunuliwa. Filemoni anaombwa kumuona ndugu katika mutu ambaye damu yake ni ya kigeni kabisa. Hapo ndipo kiburi kinakatwa kwa shina. Kumupokea ndugu kwa sababu nimevumbua kwamba ni wa kwetu, hata wapagani wanaweza.

Lakini tusiwe wakali kupita haki. Hadisi ina jibu lingine, dogo, katika maisha ya La Gour. Alivaa pembe za uongo kwa miaka mingi. Hakujishusha kwa mapenzi yake, alishushwa kwa nguvu. Lakini kiisha kushushwa hakulilia pembe zake. Alikaa na watumwa, akawa mukubwa wao kwa kuteseka pamoja nao. Kama mwalimu anataka kuonyesha mufano wa unyenyekevu katika Voltes V, amutafute huyo muzee asiye na pembe.

4. Jambo lililotokea Filipini

Hadisi hiyo ilipita mipaka ya Japani. Katika inchi ya Filipini, yenye Wakatoliki wengi sana, ilionyeshwa tangu mwaka wa 1978 na watoto wakaipenda kabisa. Katika mwaka wa 1979 Prezida Marcos aliikataza pamoja na nyingine za namna hiyo, vipande vya mwisho vikiwa havijaonyeshwa. Sababu iliyotolewa ni ukali wa vita katika picha, maana wazazi wengine walikuwa wamenung'unika. Lakini watu wengi walifikiri kwamba mutawala hakupenda watoto waone watumwa wakimwangusha mufalme.

Tufikiri juu ya matunda ya katazo hilo. Watoto wa Filipini walikuwa wamekwisha kuona kiburi cha Heinel, pembe zake na upanga wake. Hawakuona mwisho wake. Kwa muda wa miaka karibu 7 walibaki na adui mwenye kichwa juu, asiyeambiwa ukweli. Mwaka wa 1986 Kardinali Jaime Sin aliwaita waamini kwa njia ya Radio Veritas. Watu wakajaa barabara ya EDSA katika muji wa Manila, watawa na walei, na rozari mikononi mbele ya vifaru vya vita, na Marcos akakimbia inchi. Nyuma ya hapo vipande vya mwisho vikaonyeshwa. Hatusemi kwamba hadisi ya watoto iliangusha serikali. Huo ungekuwa upumbavu. Tunasema tu kwamba mutoto akionyeshwa kiburi, aonyeshwe na mwisho wake. Katika mwaka wa 2023 Wafilipini walitengeneza hadisi hiyo upya, na watu wenyewe wakicheza. Ni alama kwamba hawakuisahau.

5. Na sisi?

Katekista atakayezungumza na vijana juu ya Voltes V asianze kwa kuwagombeza. Awaulize maswali mawili: Heinel alimuonea haya nani? Na angefanya nini kama Kenichi asingekuwa ndugu yake? Swali la kwanza litawafundisha kumuhurumia mwenye kiburi. La pili litawapeleka mpaka Evanjili.

Kwa sisi wenyewe, waseminari na mapadri, jambo ni zito zaidi. Heinel alizaliwa na pembe. Sisi tunajipatia zetu polepole. Kanzu ni pembe. Kifaransa kizuri na maneno machache ya Kilatini ni pembe. Diploma ni pembe. Kabila ni pembe ya kuzaliwa, sawasawa na katika Boazan, na mara nyingine tunaificha chini ya kanzu. Na yule mukristu muzee anayekaa kwenye benchi la nyuma, asiyejua kusoma, anatutazama kichwani na kuona vizuri kile tunachofikiri kimefichwa.

Wazaburi wanajua neno pembe: ni alama ya nguvu, na Mungu anakata pembe za waovu. Lakini kila asubuhi katika masifu, wimbo wa Zakaria kwa Kilatini unamwita Mwokozi mwenyewe kwa jina hilo la pembe. Pembe hiyo iliota katika nyumba ya Daudi mutumishi wa Mungu, na siku ya mwisho ilivikwa miiba. Tukiimba mustari huo kesho asubuhi, tujiulize kila mumoja: Mimi kichwani mwangu ninabeba pembe gani?