Mshipa Upi? Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Kitabibu

Mbele yetu ipo tafsiri ya karatasi ya maelezo anayopewa mgonjwa kabla ya kupasuliwa uti wa mgongo, sehemu ya kiuno, kwa kupitia tumboni. Kiswahili chake ni chepesi na sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo, mgonjwa anaambiwa kwamba atapigwa "picha ya mishipa" ili daktari ajue pa kupita, wala haelezwi ni mishipa ipi.

Neno mshipa hubeba ateri, vena na neva. Tena kwa watu wengi ni jina la maradhi ya korodani. Katika mazungumzo ya kila siku hapana madhara. Katika upasuaji huu vitu hivyo hukutana mahali pamoja. Aota hugawanyika karibu na pingili ya nne ya kiuno, lakini si kwa watu wote, na ndiyo sababu ya kupiga picha. Vena iliaki ya kushoto hukatiza mbele ya pingili ya tano. Hapo hapo umetandaa mtandao wa neva ambao, ukijeruhiwa, manii ya mwanamume huweza kurudi kibofuni badala ya kutoka nje.

Picha hiyo hupigwa kwa mashine ya kompyuta, baada ya mgonjwa kudungwa mkononi dawa ya kung'arisha damu. Neva hizo haizionyeshi. Dawa hufika katika ateri kwanza, venani baadaye. Picha ikipigwa mapema, aota hung'aa na vena hubaki hafifu, ilhali vena ndiyo yenye ukuta mwembamba na rahisi kuchanika inaposogezwa. Kwa hiyo mfasiri aliyeandika "mishipa" tu amemwahidi mgonjwa jambo ambalo mashine haiwezi kulitenda, na mgonjwa atatia sahihi juu ya ahadi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba ateri na vena ni maneno ya darasani. Ni kweli, na darasa hilo ni la shule ya msingi. ("Upasuaji wa mbele", uliomo katika karatasi hiyo hiyo, hatuujadili, msomaji mzima ataona mwenyewe unakoelekea.)

Tunapendekeza neva iitwe neva kila mahali katika karatasi hiyo, na maelezo ya picha yasomeke hivi: "Utapigwa picha ya mishipa ya damu, yaani ateri na vena, iliyo mbele ya uti wa mgongo. Picha hii haionyeshi neva zilizo karibu nayo."