Tamthilia ya Mlangoni: Kuisoma Skrini ya Mirai

Msimbo wa Mirai, programu hasidi ya kuteka vifaa vya mtandaoni, ulipomwagwa hadharani mwishoni mwa Septemba 2016, wengi waliukimbilia kwa ajili ya ile sehemu inayoteka kamera za ulinzi na ruta: orodha ya nywila za kiwandani, zinazojaribiwa kwa matumaini kwamba mojawapo itakubali. Sehemu hiyo ni kavu, haina mbwembwe. Mbwembwe zote zimewekwa kwenye faili linalompokea mteja, yaani mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu ila amelipa akodishiwe mashine za kushambulia wenzake.

Mteja anapokelewa kwa Kirusi, kwa sentensi isemayo kwamba mwenyeji anapenda nageti za kuku. Kirusi hicho ni vazi tu. Waliokiri mahakamani mwaka 2017 kosa la kuunda Mirai, Paras Jha na wenzake wawili, ni Wamarekani. Mteja akishatoa nywila, anaambiwa hesabu zinakaguliwa, na kijistari kinazungukazunguka. Kisha taarifa zinashuka kwa Kiingereza, ya kwanza ikiwa na kosa la tahajia: muunganisho umetekwa, unafichwa, nyayo zinafutwa. Hazishuki kwa mkupuo. Robo sekunde, nusu sekunde, halafu mistari minne ya harakaharaka. Lakini fungua msimbo uone: hakuna kinachofichwa wala kufutwa. Kuna amri ya kuchapa maneno na amri ya kusubiri, basi. Mganga anatikisa kibuyu kwa sababu mgonjwa ameshatoa pesa na anataka kusikia kitu.

Ukaguzi wa kweli hauna maonyesho. Ni swali moja tu kwa hifadhidata: je, nywila ni sahihi, na tangu alipolipa mara ya mwisho, siku zake hazijakwisha? Jedwali la wateja nalo linasomeka kama mkataba wa mtu asiyeaminiwa: mwisho wa mashine anazopewa, mwisho wa sekunde za shambulio, muda wa kungoja kabla ya kurudia. Msimamizi akiandika -1 penye idadi ya mashine, kikomo cha mteja huyo kinaondoka.

Ufundi ulionivutia zaidi uko juu kabisa ya dirisha, kwenye idadi ya mashine zilizounganishwa, inayosasishwa kila sekunde. Kama zilizotekwa zinapita kikomo cha mteja, programu inamwonyesha kikomo chake. Hapo anayejiona jemadari haonyeshwi ukubwa wa kweli wa jeshi.