Pedali Inayojua Kuachia

Muuzaji wa pedali za kliti atakutajia uzito kwanza. Jozi ya Shimano Dura-Ace R9100 ni gramu 228, Ultegra R8000 ni 248, 105 R7000 ni 265, na bei inapanda kadiri gramu zinavyopungua. Piga hesabu mwenyewe: kati ya ile ya juu na ile ya tatu kuna gramu 37, uzito wa maji utakayoyanywa kwa mkupuo mmoja kabla hujatoka mjini. Weka mizani pembeni. Pedali hizi zina kazi mbili, kukishika kiatu na kukiachia, na hiyo ya pili ndiyo inayotofautisha kazi ya fundi na kazi ya ovyo. Kushika tu, hata pedali duni hushika.

Zamani waendeshaji wa mashindano waliingiza mguu kwenye kikuku cha chuma na kuukaza kwa mkanda wa ngozi. Aliyetaka kuutoa aliinama akaulegeza mkanda kwa mkono, na kwenye kundi linaloanguka hakuna aliyepata nafasi hiyo. Mwaka 1984 Look, kampuni ya mji wa Nevers, Ufaransa, iliyojulikana kwa vishikizo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ikatoa pedali ya PP65. Mtelezaji akianguka, kiatu chake lazima kifunguke kabla mguu haujavunjika. Ujuzi huo ndio uliohamia kwenye baiskeli. Bernard Hinault alishinda Tour de France ya 1985 akiwa na pedali hizo, na baada ya miaka michache vikuku vilikuwa vimeanza kutoweka kwenye mashindano makubwa. Kwa hiyo ukitaka kuipima pedali kwa haki, anza pale walipoanzia waliobuni: namna inavyofunguka.

Ifunge kwenye baiskeli, egemea ukuta, na legeza skrubu ya springi mpaka mwisho. Ingiza kiatu, kisha sukuma kisigino nje polepole. Pedali nzuri hukaza kidogo kidogo, halafu huachia mara moja, bila kusita wala kukwaruza. Rudia mara nyingi. Kisigino kifikie pembe ileile kila safari, na mguu wa kushoto usihitaji nguvu zaidi ya wa kulia. Sasa kaza skrubu hatua moja moja. Kila hatua uisikie mguuni, si sikioni tu. Kuna pedali za bei rahisi ambazo skrubu yake inalia lakini ukazaji haubadiliki mpaka ghafla mguu unakwama. Mwisho simama juu ya pedali, shika breki, na uvute mguu juu kwa nguvu zako zote. Kiatu kikichomoka hapo, kitachomoka siku unapokimbilia mstari wa mwisho, na maumivu yake si madogo.

Baada ya hapo geuza kiatu utazame kliti, kile kipande kinachofungwa chini ya soli. Hapa ndipo wengi wasipotazama, na mimi naona ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa sababu pedali utainunua mara moja ila kliti utazinunua maisha yako yote. Kliti za Look Keo na za Shimano SPD-SL zote ni za plastiki, zina umbo la pembetatu, na hufungwa kwa skrubu tatu kwenye matundu yaleyale ya kiatu. Lakini haziingiliani. Tena rangi zake zinaweza kukupotosha. Kwa Shimano, nyekundu haikipi kisigino nafasi yoyote ya kucheza, bluu inakipa nyuzi 2, njano nyuzi 6. Kwa Look, nyeusi ndiyo isiyocheza, kijivu ni nyuzi 4.5, na nyekundu ndiyo huru kuliko zote, nyuzi 9. Mtu aliyezoea nyekundu ya Look akahamia Shimano akachukua nyekundu tena, atakuwa ametoka kwenye uhuru mkubwa kuliko wote na kuingia kwenye kifungo.

Nafasi hiyo ya kisigino ni suala la goti. Goti halikunjuki kwenye mstari mmoja kama bawaba ya mlango. Nyonga, mguu wa chini na unyayo hupinda kidogo katika kila mzunguko wa pedali, na kila mwili una namna yake. Mtazame mtu anavyotembea. Mwenye vidole vilivyoelekea nje, ukimfungia kliti isiyocheza na ukaiweka imenyooka, goti lake ndilo litakalobeba msokoto kwa maelfu ya mizunguko kila saa. Anayeanza, nampa njano ya Shimano au kijivu ya Look bila kufikiria mara mbili. Zisizocheza waachiwe wale ambao miguu yao imepimwa na fundi anayeijua kazi hiyo. Jean Beyl, aliyeibuni ile pedali ya kwanza ya Look, baadaye alikwenda kampuni ya Time, na Time ikajijengea jina kwa kuuacha mguu ucheze, si kwa kisigino tu bali hata kusogea kidogo kulia na kushoto. Time wana jambo jingine ninalolipenda: ukitoa mguu, mdomo wa pedali unabaki wazi ukikusubiri, hivyo kuingia tena hakuhitaji nguvu. Kwa mtu mwepesi, au mwenye nyonga inayouma, hilo lina thamani kuliko gramu zozote.

Look, kwenye pedali zao za Keo Blade, wametumia bapa la kaboni badala ya springi ya chuma. Mlio wake ni mkavu, na kuachia kwake ni safi kweli. Shimano nao wana jukwaa pana linalotulia chini ya mguu, na kliti zao zina vipande laini vya rangi pale zinapokanyaga ardhi, ambavyo vikiisha unajua muda umefika. Kati ya hizo mbili sioni mshindi kwenye lami safi. Swali linalomaliza ubishi ni la dukani: ni kliti zipi utakazozipata Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, ukizihitaji Ijumaa jioni na safari ni Jumamosi? Uliza hilo kabla hujauliza bei ya pedali. Na usikubali kliti za kuiga, hata zikikaa vizuri mara ya kwanza. Milimita chache za plastiki zilizokosewa huharibu ule mwachio ulioulipia.

Speedplay ni ukoo mwingine kabisa. Springi iko ndani ya kliti, na pedali yenyewe ni kidonge kidogo cha mviringo kinachoingilika pande zote mbili, ili usichungulie chini taa zinapowaka kijani. Nafasi ya kisigino inarekebishwa kwa skrubu, kuanzia sifuri hadi nyuzi 15. Kwa goti lenye matatizo sijui mfumo unaoizidi. Lakini vumbi na tope vikiingia kwenye kliti, huanza kugoma. Mtu ambaye barabara zake zina mabega ya murram, anayeshuka kupisha lori na kukanyaga udongo, ajue kwamba atakuwa akisafisha na kutia kilainishi kikavu mara kwa mara, la sivyo asizinunue.

Kwa mtu huyo nina neno la wazi: achukue SPD za skrubu mbili, zile Shimano walizotoa mwaka 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani. Kliti ni kijipande cha chuma kilichozama ndani ya soli, kwa hiyo anatembea kama binadamu, anaingia dukani, anasukuma baiskeli kwenye kokoto. Wapo watakaomcheka kwa kuziweka kwenye baiskeli ya barabara. Awaache. Anachopaswa kuangalia ni soli ya kiatu, iwe ngumu, kwa maana kliti ndogo kwenye soli laini huchoma unyayo baada ya saa mbili.

Beringi hupimwa kwa vidole. Shika ekseli, zungusha pedali. Pedali mpya inayozunguka peke yake muda mrefu ina grisi kidogo au mihuri hafifu. Nzuri huzunguka taratibu, kwa uzito wa grisi, bila punje. Isukume na kuivuta kando: isichezecheze. Kisha iache ining'inie kwenye krenki. Pedali za barabara zina uzito nyuma ili mdomo uelekee juu na ncha ya kliti iukute bila kutafuta. Beringi ikikaza, pedali hufuata krenki na mdomo unapotea.

Ukinunua iliyotumika, kagua bamba la chuma pua juu ya jukwaa kama lina mfereji, na nyuzi za ekseli kama zimeliwa. Kumbuka ya kushoto hukazwa kinyume na mwendo wa saa. Anayelisahau hilo huharibu krenki, ambayo ni ghali kuliko pedali. Paka nyuzi grisi, anza kukaza kwa vidole, spana ifuate baadaye. Na siku ya kubadilisha kliti zilizoisha, chora mstari kuzizunguka kwenye soli kwa kalamu kabla hujalegeza skrubu ya kwanza, ili mpya zikae palepale goti lilipopazoea.